Neno Alilolitamka Kocha Tibbs

Jumapili asubuhi, kengele za kanisa la Wabaptisti zinalia, na mke wa Garland Tibbs amekwishaondoka na gari. Mwenyewe amejifungia katika chumba kisicho na dirisha, chini ya majukwaa ya uwanja, anatazama skrini. Ni mchezo mmoja tu wa mechi ya jana, ya futiboli ya Kimarekani, ile ya kurusha mpira kwa mikono. Ukiisha anaurudisha nyuma, anautazama tena. Kahawa yake imepoa.

Kwenye skrini, upande wa kushoto, kijana wa timu yake amesimama peke yake, mikono juu, hakuna mpinzani hata wa dawa. Mpira haumfikii. Katikati ya uwanja, mrushaji Deshon Arceneaux, wa miaka kumi na minane, ameukumbatia mpira kama mtu aliyepewa mtoto asiyemjua. Anagongwa, anaanguka. Filimbi inalia, na Chuo cha Bayliss kimeshindwa mechi.

"Watu wanasema kijana hakuona," Tibbs anajisemea, macho kwenye skrini. "Aliona. Tatizo ni kile alichoonyeshwa."

Kazi ya Tibbs ni kuita mipango ya mashambulizi. Hukaa juu, kwenye kibanda cha vioo, akaangalia wapinzani walivyojipanga, kisha akatamka neno kwenye kipaza sauti. Chini, pembeni mwa uwanja, mrushaji wa akiba huligeuza neno hilo kuwa ishara ya mkono, na Deshon huisoma kabla muda haujaisha. Kazi hiyo imemhamisha miji saba, na mkataba wake, kama yote iliyotangulia, ni wa mwaka mmoja. Wakishinda, sifa ni za mrushaji. Wakifungwa, redio ya mji humtaja yeye.

Ana desturi yake. Kila apatapo mrushaji mpya, humketisha barazani kwake kiangazi kizima, sahani ya kambale wa kukaanga katikati yao, wakaibatiza upya mipango yote. Majina huyachagua kijana. Tibbs anaamini kwamba kitu ulichokipa jina mwenyewe hakikutoki kichwani hata ukikimbizwa.

Julai walifika kwenye mpango wa hila. Timu nzima hujifanya inakwenda kulia, na kijana mmoja mnene huchomoka kimyakimya kushoto ili arushiwe mpira. Deshon alicheka mpaka akaweka uma chini.

"Huyo bibi yangu kabisa," alisema. "Anaaga anaenda kwenye maombi. Mfuate kanisani, humkuti. Yuko kwa jirani anacheza karata."

Basi mpango ukaitwa Odile, jina la bibi huyo aliyemlea Deshon peke yake kule Louisiana. Ishara yake kijana aliitunga hapohapo: kujipepea uso kwa kiganja, kama wafanyavyo akina mama kanisani siku ya joto. Bi Odile alikuja kwenye mechi ya kwanza, akaona mkono ukipepea na yule mnene akifunga. Alipoelezwa maana yake alilalamika kwamba wamemfanya kichekesho mbele za watu. Kisha akataka kujua watamwita tena lini.

Alifariki Jumanne ya wiki ya mechi hii. Alizikwa Ijumaa, na jioni hiyo Deshon akapanda basi kurudi chuoni, akisema bibi yake asingemsamehe akikaa benchi. Tibbs aliwaita wasaidizi wake na kuwaambia kwamba neno lile halitatamkwa.

Jumamosi, dakika ya mwisho, Bayliss walikuwa nyuma na wamebakiwa na jaribio moja. Wapinzani wakahamia kulia karibu wote. Tibbs akaona pengo upande wa kushoto, pana, na ulimi ukatangulia. Mrushaji wa akiba, kule chini, alimuuliza kama ana hakika.

"Odile," Tibbs akarudia.

Yule kijana akajipepea uso. Deshon akasimama akiutazama mkono ule, na mpira ulipomfikia alikuwa bado anautazama. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na hapa ulimi ulijikwaa mara mbili.

Mji haukujua lolote. Safari hii redio ilimwita kijana mwoga, na kwenye kituo cha mafuta mtu aliitundika jezi yake juu ya pipa la taka. Kocha mkuu, Wendell Krause, aliwaambia waandishi kwamba mtoto aliisoma ishara vibaya. Jumapili ile Tibbs alikwenda nyumbani kwa Krause, akaomba ruhusa ya kusema ukweli.

"Neno tu hilo, Garland," Krause alimjibu. "Badilisha neno, tuendelee."

"Hapo ndipo aliponichoma," Tibbs anasema. "Maneno ndiyo kazi yangu yote."

Jumatatu Deshon hakutokea mazoezini. Wenzake wakasema yuko chumbani, begi limefungwa. Tibbs alikwenda akazungumza na mlango. Aliacha sahani ya kambale kizingitini, na kesho yake akaikuta ilivyo. Ni mtu mzima mwenye wajukuu, lakini anakiri kwamba alirudi kwenye gari akalia.

Alhamisi mchana kijana alikuja mwenyewe kwenye chumba kile kisicho na dirisha. Hakukaa.

"Ulisahau, Kocha?"

Tibbs angeweza kusema ndiyo, na pengine yangeisha.

"Sikusahau, mwanangu. Nilikumbuka, na nikaita hivyohivyo. Niliona kushoto kuko wazi."

Deshon aligeukia skrini. Kisha akaomba aonyeshwe mchezo ule, maana hakuwa ameutazama. Waliutazama pamoja: wapinzani wote wakikimbilia kulia, yule mnene akibaki peke yake na mikono yake juu.

"Kweli alikuwa wazi," kijana akasema polepole. "Wote walimfuata kanisani."

Alitaka kucheka, kikatoka kilio. Tibbs alizima skrini, akamwambia jina lile litafutwa siku hiyohiyo.

"Usimfute," Deshon akasema. "Ila usimwite wewe. Nikimtaka, nitamwita mimi."

Leo ni Ijumaa, na kesho kijana atacheza. Krause amekwisha kudokeza kwamba mkataba wa Tibbs hautaongezwa, na Tibbs habishani. Anasema wakimfukuza watakuwa na haki, ila angependa wamwachie msimu uishe.

Atapanda kwenye kibanda chake cha vioo na kuita mipango mingine yote kama kawaida. Lakini jicho moja, anasema, litabaki kwenye mkono wa Deshon, kuona kama utainuka kwenda usoni. Anajua huenda usiinuke kesho, wala msimu huu, wala yeye akiwepo.

"Miaka yote mimi ndiye nasema, wao wanasikiliza," anasema, akichukua kofia yake. "Hili moja nitasubiri niambiwe."