Mjomba Aliyefungwa Nje

Kila asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, mjomba wangu fundi kufuli alikuwa akilifuta vumbi kufuli la mlango na kulisalimia. "Umeamkaje, mzee?" Kufuli kimya. "Humu ndani ni huyu peke yake asiyenijibu ovyo," anasema, jicho likiwa kwa mdogo wangu wa miaka minne. Huyo tulimwita Chiriku, maana mdomo wake hauna breki.

Mjomba alikaa kwetu miaka mitatu. Alifungua kufuli za mtaa mzima, na siku moja akamfungua askari aliyejitia pingu akiwaringishia watoto. Kisha akapata kazi kwenye karakana ya mji mwingine. Basi lake lilikuwa la saa nne asubuhi, na asiporipoti siku hiyo, nafasi anapewa mwingine.

Saa tatu akatoka uani kumuaga mama mwenye nyumba. Mkoba wa vifaa, na tiketi humo humo, aliuacha ndani. Mara akasikia nyuma yake: kwa! Komeo la mlango.

"Chiriku, fungua, mama."

"Sifungui. Nimekufungia usiondoke."

"Nani yuko ndani?"

"Mimi."

"Na mimi je?"

"Wewe umefungwa."

Mama mwenye nyumba alicheka mpaka akakalia ndoo. "Mganga hajigangi! Fundi, si ufungue?"

"Kufuli lina tundu la ufunguo, mama. Komeo nitalichokonoa wapi?"

"Basi vunja mlango."

"Fundi kufuli avunje mlango? Uso nitauweka wapi?"

Akaenda dirishani, akamwelekeza Chiriku kupitia nondo. "Sukuma komeo kulia."

Chiriku akamgeukia, akanyoosha mkono. "Huku?"

"Huko ni kulia kwangu. Nataka kulia kwako."

"Kwangu ni hapa hapa. Kwako si ndiko unakokwenda?"

Mimi nilikuwa naosha vyombo pale bombani, nikamwona mjomba amekaa chini, kichwa mikononi. Ghafla akasimama, akashika nondo kwa mikono miwili.

"Haya, nimekamatwa. Lakini mfungwa hukaa na mkoba wake."

"Kweli?"

"Wote wanao."

Mkoba ukagoma kupita. Chiriku akautoa matumbo: tupa, nyundo, shati, soksi moja, tiketi, soksi ya pili. Kila kitu anauliza, "Na hiki mfungwa anacho?" Mwisho akapitisha mkoba wenyewe, mtupu.

"Afande, mfungwa anaruhusiwa kutembea?"

"Ndiyo. Ila usivuke ukuta."

"Ukuta uko wapi?"

Chiriku akafikiri. "Kule nisikoona."

Mjomba akavishika vidole vidogo vya Chiriku kwenye nondo, akarudisha vitu mkobani, akauvaa begani. Chiriku akakimbia kukagua komeo, kama bado limekaza. Mjomba akatoka getini, akampita kinyozi, akakata kona. Hakurudi.