Alama za Meno Ukutani kwa Pascasie

Saa nne asubuhi, nyuma ya nyumba yake mjini Kasulu, Swaumu Ridhiwani anakanyaga kwa miguu mitupu maganda ya kahawa, maranda na udongo wa kichuguu.

"Karibu mwandishi, ila simama mbali, utachafuka bure!"

Mchanganyiko huo huushindilia kwenye fremu na kuuanika siku nne. Hutoka vibao vya kupigilia ukutani na darini, vinavyozuia joto la mchana na baridi ya usiku. Kimoja hukiuza shilingi elfu mbili.

Mwaka jana, 2013, hakutumia udongo. Aligandisha vibao kwa uji mzito wa muhogo, kwani muhogo huku uko kila nyumba na unashika kweli kweli.

Vibao vya kwanza alimpigilia Pascasie, mkimbizi wa Kongo aliyeko kambi ya Nyarugusu, ambaye binti yake Arielle alikuwa akikohoa kwa baridi. Mwezi haujaisha, Pascasie akatuma salamu: ukuta unaliwa.

"Nikasema, panya hao! Nikanunua sumu, niichanganye kwenye uji wa vibao vipya. Nikaenda nayo mpaka kambini," anasema Swaumu, na hapo anaacha kukanyaga.

Alipoinama kukagua, alama za meno zilikuwa pana mno kwa panya. Zilikuwa juu kidogo ya mkeka, usawa wa mdomo wa mtoto aliyekaa. Arielle, miaka mitano, wala hakukana.

"Iko tamu sawa ukoko ya bukari," alisema. Bukari kwa Wakongo ni ugali.

Lahaula! Sumu ilikuwa kwenye mkoba wa Swaumu, hatua mbili kutoka kwa mtoto.

"Miye niliwaza panya, kumbe ni mutoto yangu, njaa iko inamusumbua," anasema Pascasie kwa simu.

"Nilikaa chini nikalia mbele ya mtoto wa watu," anasema Swaumu. "Sumu niliitumbukiza chooni, vibao nikabandua vyote."

Tangu hapo Arielle analala tena kwenye baridi, na hilo ndilo linalomnyima Swaumu raha. Vibao vya udongo ni vizito, na vinne kati ya kumi hupasuka. Isitoshe, wajawazito hula udongo wa kichuguu, hivyo anauchanganya na maji ya mwarobaini. Anataka vibao thelathini vizima vya chumba cha Arielle kabla ya baridi ya Juni.

Anaokota kimoja kilichokauka, anakilamba, anakunja uso na kutema.

"Kichungu! Hiki cha Arielle."