Saa Mbili Ipi?

“Na mimi, nani alinisahihisha?”

Usiku ule Nasra aliniuliza swali hilo akiwa amekaa juu ya ndoo yangu ya maji. Sikuwa hata na hamu ya kulitafutia jibu. Nilikuwa na maswali yangu mwenyewe, la kwanza likiwa hili: mtu aliyefariki wakati wa masika anaingiaje jikoni kwangu na buti za mlimani, anakaa bila kukaribishwa, anaanza kumenya chungwa? Msibani kwao nilikuwepo. Nilikaa mkekani na wanawake wengine, nikasikia wanaume wakilitoa jeneza uani. Siamini mizimu. Siamini hata utabiri wa hali ya hewa. Lakini maganda ya chungwa yalikuwa yanaanguka sakafuni kwangu, na harufu yake naisikia.

Nieleze kwanza, kwa sababu ndoto ya mtu bila maelezo ni kero kwa msikilizaji.

Nasra alikuwa rafiki yangu tangu chuo, na mwenzangu wa kamba milimani. Watu wakisikia alikuwa mpandaji hudhani mlima ndio uliomuua. La. Alishikwa na homa, akalazwa, hakurudi. Tulikuwa wote katika kundi la mtandaoni la wapanda milima, linaitwa Vilele, ambako mtu akirudi safari anaandika ripoti: alipita njia ipi, maji yako wapi, alilala wapi, alifika saa ngapi. Kisha wengine wanatoa maoni, na hapo ndipo ugomvi ulipoanzia, maana maoni ya Nasra yalikuwa marefu kuliko ripoti zenyewe. “Hapo si mashariki, ni kaskazini.” “Kijito hicho hukauka kiangazi, usidanganye watu.” Dada mmoja aliyeandika ripoti ya kwanza maishani mwake alisahihishwa mpaka tahajia. Akajitoa kundini, hatukumwona tena. Nilimwambia Nasra wazi: mtu amepanda, amechoka, ameandika, mwache ashangiliwe. Akanijibu, “Eliwaza, jina lako lina kuwaza ndani yake. Litumie.”

Basi Kaka Deo, admini wetu, akatunga kanuni: Ripoti ni ya mwenyewe. Pongeza au nyamaza. Nasra alipofariki kanuni ilibaki, na kundi likawa mahali pa neno moja. Umeanguka mtoni, “Umetisha!” Umepotea msituni ukalala juu ya mti, “Umetisha sana!” Nilikuwa nimechoshwa na pande zote mbili, wale wa kusahihisha na wale wa kushangilia. Nikawa nasoma tu, kimya, huku nimekunja uso kama mtu anayepita karibu na jalala.

Wiki ile kijana mmoja wa kundini, Sixtus, aliweka ripoti ya Bamba. Bamba ndilo jina tulilolipa jabali moja huko Uluguru, limelala wazi kama paa la bati, halina pa kushika. Likiwa kavu linapitika kwa miguu. Likilowa, unakaa kitako na kumwomba Mungu. Picha za Sixtus zilikuwa nzuri, na mwishoni aliandika: “Kambi hadi kilele, saa mbili. Msikose.” Nilisoma, sikuona kasoro. Bamba nalijua. Nilikwenda na Nasra, na nakumbuka jinsi jua lilivyotupiga usoni tulipofika juu.

Jioni hiyo hiyo mdogo wangu Anande akanipigia simu. Alikuwa mwaka wa kwanza chuoni, na alikuwa anaamini kila kitu kilichoandikwa.

“Dada, Jumapili tunakwenda Bamba. Tunatoka kanisani, tunakula, tunapanda.”

“Mna kamba?”

“Kamba ya nini? Mbona siku hizi umekuwa mama? Ripoti ya Sixtus hujaisoma?”

“Nimeisoma.”

“Ina tatizo?”

“Haina.”

“Haya basi, niache.”

Nikalala na hasira ndogo ambayo sikujua namkasirikia nani.

Na sasa Nasra yuko jikoni. Chungwa la kwanza limekwisha, anamenya la pili.

“Andika,” ananiambia.

“Niandike nini?”

“Maoni. Mimi simu sina.”

Hata kifo, nikawaza, hakikumkomesha. Ningetegemea mtu akitoka huko aje na habari za huko. Nilitaka kumuuliza kama alisikia maumivu, kama alimkuta baba yake, kama kuna kitu chochote au ni giza tu kama ninavyodhani. Yeye amekuja kusahihisha ripoti. Nikamwambia kanuni haijabadilika. Akacheka kile kicheko chake cha puani, na alipocheka sakafu ikaanza kuinama.

Ukuta wa jikoni haupo tena. Saruji imekuwa Bamba, kijivu, pana, na ile ndoo inateleza juu yake polepole ikitoa mlio wa kukwaruza, Nasra amekaa juu yake wala hajali. Chini, pale ulipokuwa mlango, kundi letu zima limeketi kwenye viti vya plastiki kama wageni wa harusi. Kaka Deo ameshika kipaza sauti. “Pongeza au nyamaza,” anasema, nao wanapiga makofi: Umetisha! Umetisha! Natafuta wanamshangilia nani.

Ni Anande. Amevaa gauni la kanisani na viatu vya kuchuchumia. Anapanda kwa furaha, anatupungia mkono, na nyuma yake ukungu unapanda naye kama maziwa yanayotaka kumwagika jikoni.

Namwita ashuke. Nafungua mdomo niseme “Anande, shuka!” na kinachotoka ni “Umetisha!” Najaribu tena kwa nguvu zote. “Umetisha!” Nalia kwa hasira. Anande anasikia, anatabasamu, anaongeza mwendo.

Nasra, bado juu ya ndoo, yuko ubavuni kwangu. Ananishika kifundo cha mkono, vidole vyake vina unyevu wa chungwa. Anaigeuza saa yangu inielekee.

“Soma.”

“Saa mbili.”

“Saa mbili ipi?”

Natazama. Saa haina mishale. Ndani ya kioo jua linachomoza, linazama, linachomoza tena. Na hapo ndipo ninapoelewa, nikiwa nimelala, jambo ambalo nikiwa macho na shahada yangu ukutani sikuliona. Mimi nilisoma saa mbili ya asubuhi, kwa sababu nilikuwepo. Miguu yangu ilikumbuka kwamba tuliondoka kambini nyota zikiwa bado kali, tukatembea gizani mpaka nikamtukana Nasra, tukatambaa juu ya Bamba kukipambazuka, ndipo tukafika. Anande hakuwepo. Yeye alisoma muda wa mwendo: unakula wali, unaanza kupanda, baada ya saa mbili uko juu, unapiga picha, unashuka jua lingalipo. Maneno ni yale yale, na hakuna kati yetu aliyekosea kusoma.

“Huyu Sixtus nitamuumbua,” nasema.

“Usimuumbue. Muulize.”

“Wewe ulikuwa unauliza? Wewe ulikuwa unawachapa watu! Yule dada uliyemfukuza kwa sababu ya tahajia—”

Nasra anainamisha kichwa. Akiwa hai sikuwahi kumwona hivyo. Maganda ya chungwa yamemjaa mapajani, anayakusanya moja moja kama mtu anayeokota vitu vyake kabla ya kushuka kwenye gari.

“Na mimi,” anasema, “nani alinisahihisha?”

Nikadhani anajisifu kuwa hana kosa, maana ndivyo alivyokuwa. Natafuta neno la kumchoma, lakini ukungu umeshafika. Makofi yamekatika. Pale alipokuwa Anande hapana mtu. Kiatu kimoja kinateleza kushuka jabali, kinakwaruza kama ndoo.

Nikaamka.

Nilitazama sakafuni kama kuna maganda. Hayakuwepo, na nikajidharau kwa kuyatafuta. Ndoo ilikuwa mahali pake. Maelezo ninayo, tena mazuri: akili yangu iliiona kasoro wakati Anande anaongea, nami sikuisikiliza, ikaazima mdomo wa mtu ambaye nisingeweza kumnyamazisha. Maelezo hayo hayakunisaidia kitu. Nikachukua simu nikaandika, chini ya picha nzuri za Sixtus: “Hongera. Naomba kuuliza: ni saa mbili ya asubuhi, au ni saa mbili za kutembea? Kuna watu wanataka kupanda Jumapili baada ya chakula cha mchana.”

Kaka Deo akawahi. “Dada Eliwaza, kanuni tafadhali.”

“Kanuni inasema nipongeze,” nikamjibu. “Soma neno la kwanza.”

Mtu mmoja akaandika, “Mzimu wa Nasra umerudi,” akaweka vikatuni vya kucheka. Sikucheka.

Sixtus alikawia. Mwishowe akaandika, “Msiifuate hiyo saa mbili. Mwendo ni mrefu. Ondokeni gizani.” Swali langu hakulijibu. Nikakasirika upya: mtu anaulizwa ni hii au ile, anatoa hotuba. Lakini Anande alikuwa ameshaiona. Akanipigia simu.

“Dada, mimi nilijua ni saa mbili za kutembea.”

“Najua ulijua.”

“Sasa ungeniambia jana!”

“Jana sikuwa nimelala.”

“Nini?”

“Hamna kitu.”

Jumapili ile tulikula wali pamoja kwangu. Mvua ilianza kabla hatujanawa mikono, ikapiga bati mpaka tukawa tunaongea kwa kupiga kelele. Anande alikuwa na lile gauni la kanisani. Sikumsimulia ndoto. Alikwenda Bamba baadaye, kiangazi, akaondoka kambini gizani akiwa na kamba yangu, akarudi analalamika magoti. Katika ripoti yake neno ASUBUHI aliliandika kwa herufi kubwa, na watu wakamuuliza maswali mengi, naye akayajibu yote kwa kisirani. Kanuni haikufutwa, iliachwa tu, kama nguo iliyobana.

Ilipita miaka kabla Sixtus hajaniambia kwa nini siku ile hakunijibu. Tulikuwa tumepumzika chini ya mlima mwingine kabisa, anafunga kamba za buti, hanitazami.

“Nisingeweza kukujibu, dada. Sikujua ni ipi. Mimi nilifika juu mchana, natambaa, nikaona aibu kuandika. Ile sentensi niliitoa kwenye ripoti ya marehemu Nasra. Neno kwa neno.”

Niliporudi niliitafuta ripoti hiyo. Ipo bado. Ni ya safari yetu, mimi na yeye. “Kambi hadi kilele, saa mbili.” Chini yake hapana maoni hata moja, hata yangu.