Amri za Kijerumani

Kabla Waingereza hawajaichukua nchi, baba yangu alikuwa askari wa Wajerumani. Vita vya pili vya dunia vilipoanza, Waingereza walikuja kijijini kwetu Bweranyange kuandikisha vijana, na kaka yangu akataka kwenda. Baba akamfundisha kwata uani kwetu kwa amri alizozijua yeye, za Kijerumani.

Siku ya kuandikishwa nilisimama na mama pembeni ya uwanja. Afisa Mzungu alimwamuru kaka ageuke kulia. Kaka akageuka, akagonga visigino na kuitikia "Ndiyo, bwana" ya Kijerumani: "Yavol!"

Mjerumani alikuwa adui, na wamisionari wake walikwisha kamatwa.

"Nani amekufundisha hivyo?" afisa akauliza kwa Kiswahili.

Mama alinibana mkono mpaka ukauma. Ndipo baba akajitokeza katikati ya watu, akasimama wima.

"Ni mimi, bwana. Nilikuwa ombasha, cheo mnachokiita koplo."

"Uliwapiga risasi Waingereza?"

"Niliamriwa, nikapiga. Huyu naye ukimwamuru, atapiga."

Afisa akamwambia karani amwandike kaka. Baba alirudi kwetu, akaketi mavumbini.

"Umemtoa mwanetu sadaka," mama akamwambia kwa Kinyambo, lugha yetu ya nyumbani.

Miaka yote ya vita mama alizungumza na baba habari za ng'ombe na migomba tu. Kaka alirudi kutoka vitani Burma amekonda sana, lakini mzima. Jioni hiyo mama alimwita baba aje akae nasi, jambo ambalo hakulifanya tangu siku ile ya uwanjani.