Siku Niliyowapaka Wapiga Kura Wino Miguuni

Mpaka leo nikipita soko letu la Munuki kuna watu wanaonisalimia kwa kuinua mguu badala ya mkono, na mimi naitikia huku nikitazama chini, maana aibu yenyewe niliitengeneza mwenyewe, nikiwa na akili timamu, tena nikiwa nimeshiba.

Kazi yangu ni kuwafundisha watu wazima mambo ya uchaguzi: nani ana haki ya kupiga kura, kwa nini kura ni siri, mgombea anaruhusiwa kufanya nini na anakatazwa nini. Kwa hiyo wafanyabiashara wa soko walipoamua kumchagua mwenyekiti wao kwa sanduku la kura badala ya kupiga kelele, nilifurahi kama aliyezawadiwa ng'ombe. Wagombea walikuwa wawili. Hajj Nuur, Msomali wa kutoka Garissa mwenye duka la jumla la sukari na unga, alitaka njia ya mbele ya maduka iachwe wazi kwa malori. Mama Keji, muuza siagi ya karanga, alitaka akina mama wabaki na meza zao kwenye njia hiyo hiyo. Yaani yeye akishindwa, wao wanahama.

Kanuni niliziandika mimi. Daftari la wapiga kura hatukuwa nalo (sokoni watu huja na kuondoka), nikasema wino unatosha: ukishapiga kura unachovya kidole, na mwenye wino kidoleni hapigi tena. Msimamizi alikuwa Wani, fundi cherehani, mtu mnyoofu kupita kiasi, na nilimsisitizia, "Wani, usimwonee mtu haya, hata mama yako."

Siku iliyotangulia, akina mama wakaniomba tufanye mazoezi. Ningeweza kutumia maji tu! Lakini nilikuwa na chupa ya wino wenyewe, ule wa uchaguzi usiofutika, na nikajiambia (mwalimu mzuri hutumia vifaa halisi, sivyo?) wacha wauzoee. Wakachovya wote, wakapiga vigelegele, wakapiga picha vidole juu, nami nikaenda nyumbani Gudele najipongeza njia nzima.

Kesho yake asubuhi foleni ilikuwa ndefu, akina mama wamevaa nguo za kanisani, na aliyetangulia mbele kabisa alikuwa mama yake Wani. Wani akamshika mkono, akautazama, akanitazama mimi, akautazama tena.

"Mama, malesh, samahani. Wewe umeshapiga kura."

"Nimepiga wapi, na sanduku ndiyo kwanza mnalifungua?"

"Una wino. Kanuni ni kanuni."

"Ya Wani! Nimekuzaa mimi!"

Nikatazama foleni. Vidole vya zambarau, mpaka mwisho. Tukajaribu sabuni, tukajaribu ndimu, mwendesha boda mmoja akaleta petroli, na ngozi ilikuwa tayari kutoka lakini wino haukutikisika. Nikapanda juu ya kreti ya soda nieleze kwamba yale yalikuwa mazoezi, na kadiri nilivyoeleza ndivyo watu walivyozidi kucheka, hasa shabiki mmoja wa Hajj aliyepaza sauti, "Kumbe jana walipiga kura ya siri kweli, hata sisi hatukuiona!" Baadhi ya akina mama wakaanza kuokota vikapu vyao waondoke, na hapo nikaona nilichofanya: nilikuwa nimewanyang'anya kura wale wale niliowafundisha kwamba kura ni yao.

Mama Keji hakunigombeza. Alivua ndala. "Wani, mimi iko na mguu pia. Hii mguu haina wino. Mtu akipiga kura, paka hapa."

Wani akakataa: kanuni haibadilishwi na mgombea mmoja, mpaka na mwenzake akubali. Soko zima likamgeukia Hajj Nuur, ambaye angekaa kimya tu na ushindi ungemfuata kitini. Akakuna ndevu.

"Nikishinda hivi, kesho sukari nitamuuzia nani? Nakubali. Lakini sheria iwe moja kwa wote. Kila mtu avue viatu, mimi pia. Na atakayepaka ni mwalimu."

"Hiyo naipitisha sasa hivi," akasema Wani.

Basi nikapiga magoti vumbini, na brashi mkononi, nikapaka vidole gumba vya miguu ya soko zima: miguu ya wauza samaki, miguu ya wachinjaji, miguu ambayo haikuwa imetarajia wageni siku hiyo. Hajj, mtu ambaye sijawahi kuona meno yake, nilipomgusa tu akaruka. "Mwalimu, polepole, natekenywa!" Akacheka mpaka kofia ikaanguka, soko likacheka naye, na mama yake Wani akapiga kura kwa furaha ya watu wawili (sanduku likapata karatasi moja tu, msiogope).

Mama Keji alishinda kwa kura chache. Hajj akampa mkono, akaomba malori yapite alfajiri kabla meza hazijapangwa, naye akakubali palepale.

Nami nimeapa: wino halisi hautagusa mazoezi yangu tena. Siku hizi natumia karkade baridi, kile kinywaji chekundu cha maua, kwenye bakuli, inapaka vizuri na inaoshika. Tabu yake ni moja tu: kabla hatujafika kwenye kuhesabu kura, wino wote umeshanywewa.