Fundi wa Fimbo za Gofu na Namba Saba ya Bintiye

Saa kumi na moja alfajiri, Crisanto Abueva anainamia fimbo ya gofu na kuigonga kichwani kwa ukucha. Anasikiliza. Anagonga tena, kisha anaisukuma kando.

"Imekwisha hiyo," anamwambia kedi aliyeileta.

"Mzee, juzi tu nimepiga nayo vizuri."

"Hata marehemu juzi alikula wali. Haya, mwingine."

Kibanda chake kiko nje ya geti la uwanja wa gofu, Silang, mkoani Cavite, Ufilipino. Leo ni Jumatatu. Wanachama hawachezi, na makedi wanaowabebea mikoba siku nyingine zote wanaruhusiwa kuingia na fimbo zao. Wanapita kwanza kwa Crisanto, wakitafuna mikate midogo ya pandesal.

Ana miaka 54. Kubadilisha raba ya mshiko ni peso 80, na siku ikiwa nzuri hupata peso 500. Ushauri ni bure. Mistari ya uso wa fimbo isipokwaruza ukucha, mpira hautatulia unapotua, kwa hiyo tafuta fimbo nyingine. Raba ikiteleza, badilisha raba tu. Ukinunua iliyotumika, achana na rangi, kagua shingo, pale kichwa kinapoungana na mpini.

"Matajiri hubadilisha kabla ya wakati," ananiambia, nikiwa nimeketi pembeni ya meza yake. "Sisi hubadilisha baada ya mazishi."

Hatanii. Fimbo nyingi za huku ni za kupewa. Mwanachama akinunua seti mpya, humpa kedi wake ile ya zamani, na kedi haiachi maadamu mfadhili bado anakanyaga uwanja huo. Kuonekana na nyingine ni kumwambia usoni kwamba zawadi yake ni takataka. Nimekulia huku na adabu hiyo ninayo mimi pia, ila siku hizi inanitia hasira.

Miaka sita iliyopita Crisanto alikuwa kedi wa Wakili Samonte, na alicheza kwa fimbo alizopewa naye. Siku ya mashindano ya makedi, Wakili alikuja kumtazama. Crisanto alipiga, shingo ikakatika, kichwa cha fimbo kikaruka na kumpata mkewe, Nenita, aliyesimama pembeni na mwavuli. Aliishi siku nane.

Wakili alinunua jeneza. Alimlipia shule binti yao, Jovelyn, kisha akampa naye seti ya fimbo.

Jovelyn sasa ana miaka 19. Alhamisi ana mtihani wa kuingia kwenye gofu ya kulipwa, na Wakili atakuwepo. Saa kumi na mbili anaingia kibandani na kuweka mezani fimbo yake ya namba saba.

"Raba tu, Baba. Usianze mambo yako."

Crisanto anagonga, anasikiliza, anapitisha kidole shingoni. Pana ufa, mwembamba kama unywele. Anaibana fimbo kwenye jiliwa na kuchukua msumeno.

"Baba, hiyo ndiyo ninayoitegemea. Wakili akiniuliza iko wapi?"

"Mwambie nimeikata."

"Nimwambie baba yangu hana shukrani? Ufa wenyewe mdogo, unaweza kukaa mwaka mzima."

"Na mimi nilisema hivyohivyo."

"Ulisema lini?"

Anakata mpaka kichwa kinaanguka sakafuni. Ndipo anajibu.

"Asubuhi ile ya mama yako. Niliuona ufa. Wakili alikuwa ananitazama, nikaona haya kuiweka kando."

Kwa miaka sita watu wote walisema ni ajali, naye akawaacha waseme. Jovelyn anageuka na kuondoka, bila kuaga. Nami natamani nisingekuwepo.

Crisanto anapangusa vumbi la chuma mezani.

"Kesho nitakwenda kwa Wakili, nimwambie yote," anasema. "Halafu nitatafuta namba saba nyingine kabla ya Alhamisi. Nzima, nitaikagua mwenyewe. Kama mtoto atakubali kuipokea kutoka mkononi mwangu."