Usimwitikie Usiyemwona

Bibi yangu, mama yake baba, ambaye sote nyumbani tulimwita Koko, alikuwa na sheria nyingi, na nyingi nilizivunja bila majuto. Moja tu ilitukaa mwilini kama chanjo: ukisikia jina lako linaitwa na humwoni anayeita, nyamaza. Usiseme "eee", usiseme "niko hapa", hata kukohoa usikohoe. Toka kwanza nje uangalie. Ukimwona mtu, itika. Usipomwona, basi anayekuita ni wa upande ule mwingine, na akishapata sauti yako amekupata mzima. Dada yake Koko, kule milimani Masisi, aliitika akiwa anachota maji. Hakumaliza msimu wa maharage.

Wala hatukuachiwa tuamini tu. Koko alikuwa akijificha nyuma ya jikoni, anabana pua, anatuita kwa sauti ya ajabu. Aliyeitika alifinywa sikio. Mimi nilifinywa mpaka nikazoea, maana nilizaliwa na mdomo mwepesi, na kila aliponifinya alinikumbusha kwamba baba yangu, alipokuwa mdogo, hakunaswa hata mara moja.

"Papa yako alikuwa na akili," aliniambia. "Nilikuwa namuita asubui mpaka magaribi, ananyamaza tu."

Alijisifu kwa hilo jinsi watu wa kwao wanavyojisifu kwa ng'ombe.

Na alikuwa Mkristo, tena si wa nusu nusu. Misa ya asubuhi haikumpita, rozari ililala naye. Sheria ile ya milimani na imani yake viliishi ndani yake kama wake wenza wenye adabu, kila mmoja na jiko lake. Nilipomuuliza siku moja kama Yesu anajua habari za kutoitika, aliniambia nimenye viazi.

Halafu ikaja soixante-douze, mwaka wa sabini na mbili, serikali ya chama kimoja ikasema majina ya Kizungu basi. Nchi ilishakuwa Zaïre, suti zikawa abakosti, koti lisilo na tai, na kila aliyebatizwa alitakiwa atafute jina la mababu. Padri akikutwa anambatiza mtoto kwa jina la mtakatifu, alikuwa anatafuta jela. Papa alikuwa karani katika ofisi ya Zone, yaani ya wilaya, na karani hana pa kujificha. Alichukua jina la babu yake, mchunga ng'ombe aliyekufa bila kubatizwa. Simtaji hapa kwa jina hilo wala kwa lile la kwanza. Katika nyumba yetu majina yalishaleta balaa ya kutosha.

Koko alipopata habari alikuja kusimama mlangoni, Papa akiwa mezani.

"Siku ya mwisho Mungu ataita jina alikupa kwa batizo," akasema. "Utamujibu nini?"

Papa alikuwa mtu mpole, lakini siku hiyo alikuwa amechoka na alikuwa na njaa. "Mama, ule mutu hayuko tena," akasema. "Hata ukimuita, hataitika."

Koko akamjaribu pale pale. Alimwita kwa jina la ubatizo, kwa sauti ya chini, majirani wasisikie. Papa akaendelea kula maharage. Akamwita tena. Nilikuwa nimekaa karibu naye, nikaona taya lake limesimama kidogo, halafu likaendelea kutafuna. Akanywa maji, akanawa, akaondoka.

Kuanzia hapo ikawa desturi. Karibu kila jioni, Koko anamwita mara moja kutoka mlango wa jikoni, Papa ananyamaza, sisi tunaendelea kula. Mwanzoni ilikuwa kichekesho. Mama alikuwa anaficha kicheko kwenye kitenge. Nadhani hata wao wenyewe walikuwa wanataniana kwa namna yao. Lakini hakuna aliyelegeza kamba, na miaka ikapita hivyo.

Papa alikufa Keshero, pembezoni mwa mji wetu wa Goma, kwenye parseli aliyokuwa ameinunua ili atujengee nyumba karibu na ziwa. Alikwenda Jumamosi kutoa mawe, peke yake, na jua lilipokuwa kali alishuka kwenye shimo lenye majani mabichi akajilaza. Watu wa Goma wanajua mazuku: ile hewa mbaya inayotoka chini ya mawe ya mlima wa moto, haina rangi wala harufu, inatuama mahali palipoinama. Mbuzi akishuka humo hapandi. Papa alijua kama kila mtu anavyojua. Sijui alisahau, au shimo lile lilikuwa halijawahi kuua.

Wanaume wawili waliokuwa wanapita walimwona amelala chali, kofia juu ya uso, kunguru amekufa kando yake. Hawakuthubutu kushuka. Wakasimama juu wakamwita, wakamwita, halafu wakamvuta kwa kamba. Walipomleta nyumbani hakuwa na alama yoyote. Alikuwa na uso wa mtu aliyepumzika vizuri, na hilo lilimuumiza Mama kuliko damu ambayo ingekuwepo.

Koko hakuwauliza wale wanaume kitu kingine ila hiki: "Mulimuita jina gani?"

Wakatazamana. "Jina yake, mama. Ile ya kazi."

"Njo maana hakuitika," Koko akasema, akakaa chini.

Kuzika Goma ni kazi ya nondo na nyundo. Mlima ulishatumwagia mawe zamani sana, na kaburi hapa hulichimbi, unalivunja. Padri, mzungu mzee ambaye Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kama shati la Jumapili, alimwombea Papa kwa jina lile jipya, kwa sababu watu wa abakosti kutoka ofisini walikuwa wamesimama mbele. Koko alilia kama mama anavyolia. Halafu mzee mmoja wa kazini akamshika mkono ili amfariji.

"Mutoto umuleavyo njo akuavyo, mama," akamwambia. "Ulilea mutu wa musimamo."

Koko akaacha kulia ghafla. Mzee wa watu akadhani amemtuliza.

Koko alinieleza sababu siku chache baadaye, tukichambua maharage uani. Nilikuwa na miaka kumi na tatu, na sijui kwa nini alinichagua mimi. Labda kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa naitika ovyo.

"Mie njo nilimufundisha kunyamaza," akasema. "Bwana atakuja juu ya mawingu, ataita. Ule mutoto iko chini ya mawe, hatamuona. Atafanya sawa vile nilimufundisha. Na lile jina alishakataa. Atasikia, atanyamaza. Na Bwana hawezi kubembeleza mutu. Atapita, ataenda kuita wengine."

Mpaka siku ile hukumu ya mwisho kwangu ilikuwa moto, na moto haukunitisha sana. Sisi wa Goma tunalala tukiuona wekundu wa mlima Nyiragongo dirishani. Ukizaliwa hapa unauzoea kama taa ya jirani. Koko alinionyesha hukumu isiyo na moto wala mashetani. Hakimu ni mwema, anakuita kwa upole, na wewe uko pale chini, unamsikia vizuri kabisa, na huitiki kwa sababu ulilelewa vizuri. Sikulala vizuri baada ya hapo. Nina nywele nyeupe sasa, na bado kimya kile kinaniogopesha kuliko jehanamu yoyote niliyohubiriwa.

Koko alikwenda kumuuliza padri. Nilikuwapo, nje ya kanisa, baada ya misa. Padri alimsikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo namshukuru kwalo. Kisha akamwambia kwamba Mungu haiti watu kama karani anavyoita kwenye ofisi, kwamba Kristo anawajua walio wake hata wasiposema neno, na kwamba siku ile tutaulizwa juu ya upendo.

"Na ule rafiki yake Yesu," Koko akasema, "ule alishaanza kunuka mule kaburini. Hakumuita kwa jina? Tena kwa nguvu?"

"Alimwita kwa jina," padri akakubali.

"Na akatoka?"

"Akatoka, mama."

"Sababu hakuna mutu alimukatazaka kuitika."

Padri akamwambia kwamba neema inapita malezi. Neno zuri, na leo hii ningependa kuliamini. Koko alimtazama kwa huruma, yeye anamhurumia padri.

"Padri," akasema, "weye haujalea mutoto."

Tukaondoka. Na kwa kuwa alikuwa mama, akafanya lile ambalo mama hufanya mtoto akijifunza vibaya: akaanza kumfundisha upya. Mchana, vyombo vikishaoshwa, tulikwenda makaburini, mimi nimebeba kigoda chake. Alikaa upande wa kichwa, akalitaja jina la ubatizo, safari hii kwa sauti ya kawaida, bila kunong'ona.

"Ni mie, mama yako. Ile nilikufundishaka, nilikosea. Ukiitwa, itika. Hata haumuone, itika."

Halafu anamwita, na ananyamaza kumpa nafasi.

Nafasi ile ndiyo niliyoichukia. Kila kitu kilikuwa cha kawaida, jua, majani, ndege ya mizigo inashuka uwanjani, na bibi yangu ameinamisha sikio kuelekea kwenye mawe. Na mimi, hata nikijikaza, nilikuwa nasikiliza naye. Niliogopa Papa asiitike. Niliogopa zaidi aitike. Nilikuwa nampenda baba yangu na nilikuwa naomba aendelee kunyamaza, walau mpaka tufike nyumbani.

Mama alijaribu kumzuia. "Mama, mumuache apumuzike," alimsihi. "Batu ba chama batasikia ile jina."

"Batamufunga wapi?" Koko akamjibu. "Kaburini?"

Mama akaingia ndani. Watu walianza kusema Koko amechanganyikiwa, na mimi niligombana na wasichana shuleni kwa ajili hiyo, maana mdomo wangu ulikuwa bado mwepesi. Lakini hakuwa amechanganyikiwa. Alipika, alifuma, alijua bei ya mahindi yanayotoka mji wa Kiwanja kuliko wachuuzi wenyewe. Alikuwa tu na mtoto aliyekuwa hatarini. Tukirudi alisema neno moja: "Leo pia hapana." Nami nilishusha pumzi, kisha nikajiona mbaya.

Misimu ya mvua ikapita, nikamaliza shule, miguu ya Koko ikakataa kwenda makaburini. Halafu na sehemu nyingine za mwili zikaanza kukataa, moja baada ya nyingine. Alikuwa ananywa uji tu, kwa kijiko, kwa mkono wangu.

Ilikuwa mchana wa mvua. Mama alikuwa sokoni. Mlango ulikuwa wazi ili hewa iingie, na uani hapakuwa na mtu wala kuku. Nilikuwa napuliza uji upoe. Koko akageuza kichwa kutazama mlangoni.

"Umesikia?"

"Nini, Koko?"

"Iko mutu ananiita."

Nikatoka nikaangalia, kama alivyonifundisha. Nikarudi nikamwambia hakuna mtu.

"Ananiita jina ya batizo," akasema. Hakuna aliyekuwa akimwita kwa jina hilo. Mimi mwenyewe sikuwahi kulisikia.

Nilimuuliza ni sauti ya nani. Alikuwa amebana midomo, na macho yake yalikuwa ya msichana aliyesimama mtoni na ndoo. Aliniashiria nisogee karibu.

"Naogopa," akasema.

Neno hilo sikuwahi kulisikia kinywani mwake, na nilifurahi kulisikia. Sitaki kudanganya. Maadamu anaogopa, atanyamaza, na maadamu ananyamaza, ni wangu.

"Nyamaza, Koko," nikamwambia. "Haumuone, usimuitikie."

Akatulia. Mvua ikaongezeka juu ya mabati, kisha ikapungua. Nikaona ameinamisha sikio jinsi alivyokuwa akiliinamisha kule makaburini.

"Ananiita tena," akasema. Jasho lilikuwa linamtoka. "Nilikuwa naenda kumuambia mutoto aitike, jua na mvua. Sikujua kuitika iko mugumu hivi."

Akavuta pumzi, akafungua kinywa. Nami nikamziba kwa kiganja changu.

Hakupigana. Midomo yake ilikuwa ya moto chini ya mkono wangu. Akainua mkono wake, akaanza kutoa vidole vyangu kimoja kimoja, polepole, kama unavyotoa vidole vya mtoto mchanga aliyekushika nywele. Hakuwa na hasira. Aliniuliza kama mtu anayetaka kweli kujua:

"Weye hautaki mie niishi?"

Nikaondoa mkono. Akaitika kwa sauti kubwa, sauti ya msichana, mpaka jirani yetu akatoka nje kwenye mvua kuuliza ni nani ameitwa.